Jina Likae Usoni

Mkebe ulipofunguliwa ilitoka harufu ya siki. Siyo siki ya kachumbari, bali siki iliyokaa gizani miaka mingi, kali, inayopanda mpaka machoni. Nilikuwa jikoni nachambua mboga za lengalenga, mgongo wangu umeelekea mlangoni, na kabla sijageuka nilishajua mjukuu wangu Zaina amegusa nini. Utepe wa filamu ukizeeka hunuka hivyo.

"Bibi, hii ni nini?"

"Rudisha ulipoitoa."

Hakurudisha. Watoto wa siku hizi ukiwaambia rudisha, kwanza wanapiga picha. Wiki ya pili aliipeleka Bujumbura kwa kijana mmoja anayezihamisha filamu za zamani, akaja nayo kwenye kompyuta yake ndogo, ameipakata kama mtoto mchanga. Akanionyesha. Watu wangu wakatembea mbele yangu, wembamba, wenye haraka, midomo inakwenda na hakuna neno linalotoka.

"Iko bubu, Bibi. Tuiwekee sauti. Wewe utasema huyu ni nani na yule ni nani, mimi narekodi, halafu chini yake tunatia muziki kidogo. Itapendeza."

Nilimwambia kichwa kinaniuma. Kilikuwa kizima. Mimi ni mtu wa maneno mengi, wanaonijua hapa Rumonge watawaambia, sokoni wananisikia kabla hawajaniona. Lakini kazi ile aliyoniomba niliifanya utotoni, niliijua vizuri mno, na niliiacha siku moja mchana sebuleni kwa baba yangu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa nini.

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande huu wa ziwa mtakumbuka jinsi wafanyabiashara wageni walivyoanza kuondoka mmoja mmoja baada ya bendera kubadilishwa. Hawakufukuzwa wote. Wengine waliona tu kwamba hewa imekuwa nyingine. Mgiriki aliyekuwa na duka karibu na mahali tulipoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alifunga vitu vyake kwa muda wa mwezi mzima, na siku ya mwisho alimletea Baba kasha la mbao. Baba alikuwa fundi wa redio, alikuwa amemtengenezea mzee yule redio zake miaka yote. Ndani ya kasha mlikuwa na kamera ndogo ya sinema ya kuzungusha ufunguo, mashine ya kuonyeshea picha, na manyetofoni, yaani tepu rekoda ya magurudumu mawili iliyotumia betri. Na kitabu cha maelezo kwa Kifaransa, ambacho Baba hakuweza kukisoma hata ukurasa mmoja.

Aliyemsomea alikuwa Mwalimu Venansi. Alikuwa mtu wa Kizuka, kwao walikuwa na michikichi, naye alifundisha shule ya pale mjini, darasani kwangu. Mrefu, kichwa kikubwa, kalamu mbili mfukoni. Alikuja jioni moja kusoma kile kitabu, akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka kitabu kikaisha na yeye akaendelea kuja. Walikaa barazani na Baba, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, wakibishana juu ya lenzi na waya, na Mama akinituma niwapelekee chai.

Harusi za mtaani kwetu ndizo Baba alizozipiga. Filamu ilitumwa kwa posta mpaka Ulaya kuoshwa, ikarudi baada ya miezi mitatu, kwa hiyo bibi harusi alipojiona siku yake ya kupambwa tayari tumbo lilikuwa limejaa, na wanawake walicheka mpaka wakashika ukuta. Tatizo lilikuwa ule ububu. Watu walikaa mbele ya shuka jeupe la kuonyeshea wakauliza: yule nani? Mwingine akajibu, mwingine akakataa, kelele zikaanza, na filamu ikaisha kabla ubishi haujaisha. Na nyinyi mnaijua desturi yetu. Mgeni aliyefika harusini lazima atajwe, yeye na kwao, kama vile alivyopokewa mlangoni. Ukimtaja jirani yake na yeye ukamruka, hapo umenunua ugomvi wa mwaka mzima.

Baba akaamua filamu zipate sauti. Alijaribu yake, ikatoka na kikohozi. Ya Mama ilitoka kwa kunong'ona. Yangu, nilikuwa na miaka kama tisa, ilitoka safi, na Mwalimu Venansi, aliyekuwa amekaa pale na kikombe chake, akasema, "Ni huyu."

Yeye ndiye aliyenifundisha. Aliandika majina kwa wino wa buluu kwenye daftari, kwa mpangilio wa watu walivyoonekana, nami nikayasoma mbele ya manyetofoni huku Baba ameniinulia kidole. Mwanzoni nilikuwa nakimbia. Nilitaka watu wasikie jinsi ninavyojua kusoma. Mwalimu alinisimamisha.

"Usikimbie. Sema jina, kisha nyamaza. Mwache mtu aonekane."

Na jambo la pili alilonifundisha lilikuwa hili. "Jina likae usoni. Ukiliweka kwenye uso wa mwingine, umewakosea watu wawili."

Kulikaza jina usoni haikuwa kazi rahisi, maana mashine mbili zile hazikuwa ndugu. Manyetofoni ilikwenda kwa betri, mwendo wake mmoja. Mashine ya picha ilitegemea jenereta ya Baba iliyokuwa uani, na jenereta ikichoka picha zilichelewa, sauti ikatangulia. Baba aliweka alama kwenye kitufe cha mwendo kwa rangi ya kucha ya Mama, nyekundu, ili ajue mahali pa haki. Hata hivyo majina yalihama kidogo kidogo. Basi nikapewa kazi nyingine. Nilikaa kando ya shuka na fimbo ya mwanzi, na jina likianguka mahali pasipo pake nilisimama, nikanyoosha fimbo, nikasema kwa sauti: "Siyo huyo, ni huyu." Watu walipenda sana. Walikuja wengine kwa ajili ya hapo tu. Mimi niliona dunia nzima inanitegemea isichanganyikiwe.

Harusi ya shangazi yangu Mwajuma ndiyo iliyomo kwenye mkebe. Mwalimu Venansi alialikwa, akaja kichwa wazi, akataka kukaa nyuma. Baba alikataa. Akavua kofia yake mwenyewe, ya kushonwa kwa mkono, yenye nyota ndogo za kahawia, akamvisha Mwalimu mbele ya watu na kumkalisha mkekani safu ya kwanza. Kofia ilikuwa ndogo. Haikushuka kwenye kile kichwa hata kidogo. Mwalimu akaishika kwa vidole viwili isianguke, akacheka, na kamera ikapita hapo hapo. Kushoto kwake alikaa Bwana Hamadi wa Ujiji, karani fulani aliyevuka ziwa kwa ajili ya harusi ile, amevaa koti na kichwa wazi, ambaye simkumbuki kwa wema kwa sababu alinifinya shavu. Kulia kwake Fundi Ramadhani, mshonaji.

Tuliporekodi nilisoma: "Bwana Hamadi, wa Ujiji." Nikanyamaza. "Mwalimu Venansi, wa Kizuka." Nikanyamaza, kisha nikaongeza lisiloandikwa: "Mwalimu wangu." Baba alitaka kurudia. Mwalimu alisema iachwe.

Kisha ukaja mwaka ule ambao kwetu unaitwa Ikiza, yaani janga, na aliyekuwepo haulizi ni mwaka gani. Kwa mtoto ulianza kwa mambo madogo. Shule ilifungwa na hakuna aliyesema ni likizo. Mama alinikataza kwenda ziwani, akasema maji ni machafu, nikashangaa, maana tulikuwa tunayanywa. Malori yalipita barabarani yakiwa yamefunikwa turubai. Baadaye nilijua kilichotokea: waasi walishambulia upande wetu wa kusini na kuua watu, kisha wanajeshi wakashuka kulipiza, wakawa wanawatafuta Wahutu waliosoma, walimu, makarani, wauguzi, mmoja mmoja kwa jina. Sisi Waswahili wa mtaani mara nyingi walituruka, wakituona watu wa kando. Mwanaume mwenye kofia na kanzu aliweza kupita mahali ambapo mwenzake asiye navyo hakupita. Haya yote mimi sikuyajua. Nilichojua ni kwamba Mwalimu Venansi haji tena kunywa chai.

"Amekwenda konje," Baba alisema. Likizo, yaani. Sikuuliza zaidi.

Siku hizo hizo kofia ya Baba ilipotea, ile ya nyota. Nilimwona ametoka kichwa wazi nikamuuliza Mama. "Imepotea," akasema, na akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mimi nilikuwa hodari wa kutafuta vitu. Niliinua magodoro, nikaingia chini ya kitanda, nikapekua mpaka banda la kuku, siku nzima. Mama akanipiga kofi, tabia ambayo hakuwa nayo, akasema niache. Nililia kwa uonevu huo.

Walikuja mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Mkubwa wao alikuwa kijana, nywele zimechanwa vizuri, nyuma yake askari wawili, na nyuma ya askari mtu mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa anatazama chini. Sitamtaja. Watoto wake wapo.

"Amahoro, muzee," yule mkubwa alisema.

"Amahoro, komanda. Karibu."

"Tunasikia uko na sinema inasema majina ya watu."

"Ni ya harusi tu, komanda. Vitu vya wanawake na watoto."

"Hata sisi tunapenda harusi."

Akakaa kwenye kiti cha Mwalimu. Akaniona mlangoni, akatabasamu, akasema na mimi, siyo na Baba. "Wewe unasoma?"

"Nilikuwa nasoma. Shule imefungwa."

"Basi ndiyo maana tumekuja. Shule iko bila mwalimu, watoto wanazurura. Tunamutafuta mwalimu Venansi arudi ku kazi. Lakini sisi ni wageni, hatumujui sura."

Nilimwamini. Mnaweza kunicheka. Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani na kupigwa makofi kwa ajili ya kofia, na huyu mtu alikuwa anataka shule ifunguliwe.

Baba alitundika shuka. Mama alifunika madirisha kwa mablanketi, sebule ikawa giza lenye joto. Jenereta ilinguruma uani. Baba aliinama juu ya mashine zake muda mrefu kuliko kawaida, akaniambia, "Wewe nenda ukamsaidie mama yako." Lakini yule komanda alisema, "Mwache mutoto aone." Nikachukua fimbo yangu na kukaa mahali pangu.

Ilianza vizuri. Wanawake uani, shangazi yangu chini ya mtandio, mama yake bwana harusi, kila jina usoni pake, sauti yangu imetulia. Nikajivuna. Kisha kamera ikafika mkekani kwa wanaume, na majina yakaanza kuteleza. Hayakuteleza taratibu kama siku zote. Yaliruka mtu mzima. "Bwana Hamadi, wa Ujiji," nilisema kwenye tepu, na pale kwenye shuka alikuwa ami yake bwana harusi. Nikageuka kumtazama Baba. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe, na ile alama nyekundu ilikuwa imetoka mahali pake kabisa. Nikadhani mkono umemtetemeka.

Hamadi akafika, na koti lake na kichwa chake wazi.

"Mwalimu Venansi, wa Kizuka," ilisema sauti yangu. "Mwalimu wangu."

Komanda akasimama, akaenda karibu mpaka kivuli chake kikala nusu ya shuka. "Huyu?"

"Ndiye," Baba alisema.

Alilisema kwa sauti nzima. Hamadi wakati huo alikuwa Ujiji, ng'ambo ya maji, nchi nyingine, hakuna ambaye angemgusa. Baba alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Alihitaji tu sekunde chache kimya. Lakini filamu ilikuwa inaendelea, na baada ya Hamadi alikuja mtu mwenye kofia ndogo anayecheka, na sauti yangu ikamwita: "Fundi Ramadhani, mshonaji."

Watu wawili wamekosewa. Hilo ndilo nililowaza, kwa maneno aliyonifundisha yeye mwenyewe. Na jina lake, lile nililoliongezea "mwalimu wangu," limekwenda kwa mtu aliyenifinya shavu. Nilisimama na kunyoosha fimbo.

"Siyo huyo," nilisema. "Mwalimu ni huyu, mwenye kofia. Kofia ni ya Baba, ile iliyopotea."

Nilisikia Mama ametoa pumzi kule nyuma.

"Simamisha," alisema komanda.

"Itaungua, komanda. Filamu ikisimama inaungua."

"Simamisha."

Baba akasimamisha. Uso wa Mwalimu ukakaa pale kwenye shuka letu, umetulia, vidole viwili kwenye kofia. Ulikaa kwa muda wa kutaja jina na kunyamaza. Kisha karibu na sikio likatokea doa la kahawia, likapanuka, likatoa povu, likala shavu na kicheko, na shuka likabaki jeupe na moshi ukanuka.

"Mashine inachelewa, komanda," Baba alisema. "Ni ya zamani. Mtoto anajua kuliko mimi."

"Ndiyo. Mutoto wako iko na akili." Akanipitishia mkono kichwani. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wenye harufu ya sabuni. Kisha akawaambia askari neno moja, wakamchukua Baba.

Alirudi siku ya tatu, bega la kulia limeshuka, na halikupanda tena mpaka anakufa. Hakunipiga. Hakuniuliza. Alikunywa maji, akaketi mbele ya manyetofoni, akafungua redio, akatafuta stesheni ya ng'ambo iliyokuwa inapiga rumba, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Niliona magurudumu yanazunguka na muziki unaingia juu ya sauti yangu. Shangazi alikwenda, wanawake wakaenda, wanaume wa mkekani wakaenda, gitaa juu ya majina yote. Nilimwomba aache. Nililia nikamshika mkono mzima. Alikaa tu mpaka utepe ukaisha.

Niliona ananiadhibu kwa kumkosoa mbele ya wageni. Na nilikiri moyoni kwamba nimekosa adabu, lakini adhabu niliiona kubwa mno, kufutwa sauti yote kwa neno moja. Nilimnunia wiki nyingi. Fikirini: mtu amevunjwa bega, na mtoto wake anamnunia kwa sababu ya tepu. Shule ilipofunguliwa alikuja mwalimu mwingine kutoka mbali, nikamkasirikia na komanda vilevile, kwamba alisema uongo. Mtaani walinong'ona kuwa Mwalimu Venansi alikamatwa Minago, katikati ya wavuvi Waswahili, amevaa kanzu na kofia, siku moja kabla ya mtumbwi uliokuwa umvushe kwenda Kongo. Nilisikia jambo hilo, nikalilia, na bado sikuliunganisha na lolote.

Nililiunganisha nilipofika miaka kumi na tano, siku ya kawaida kabisa. Bega halikumruhusu tena Baba kuinua mashine, akanifundisha niziendeshe mimi. Nilikuwa najaribu peke yangu sebuleni mchana mmoja, kwa filamu na tepu ya harusi nyingine, kitufe kwenye alama nyekundu, na nikaona jinsi majina yanavyohama yenyewe: kidogo, kidogo, mpaka filamu nzima iishe ndipo yapotee nusu ya mtu. Nikagusa kitufe kwa kidole. Jina likaruka mtu mzima. Niligusa tena, likaruka tena. Niliketi sakafuni na mashine inaendelea kuzunguka juu yangu, utepe umetoka unapiga pap pap pap, na sikuinuka kuizima. Alama haikutoka mahali pake kwa kutetemeka. Kofia haikupotea.

Tangu hapo sikurekodi tena jina la mtu. Nimekuwa mshonaji, nimezaa, nimezika mume. Maneno yangu yote mengi ya sokoni ni ya vitunguu na vitambaa. Baba naye aliligusia jambo hilo mara moja tu, amelala kitandani siku zake za mwisho, ananitazama nikikunja shuka. "Kosa lilikuwa langu," alisema. "Ningekuambia mapema, ungenyamaza. Nilikuona mtoto." Nilimwambia anywe uji. Ninajuta mpaka leo.

Sasa Zaina, bila kuniuliza, alikuwa ameituma ile filamu bubu kwenye kundi la simu la watu wa Rumonge. Akaandika mwanamke mmoja wa Nyanza-Lac, aliyerudi kutoka makambi ya Tanzania. Aliuliza kama humo ndani yumo mwalimu mmoja wa Kizuka, Venansi. Yeye ni binti yake, Gorethi. Alikuwa tumboni mwaka ule. Mama yake alikimbia naye bila hata picha moja, akafia kambini.

Alikuja kwa basi la asubuhi, na mfuko wa mihogo kama zawadi. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu. Alipovua kitambaa kujipepea nikakiona kile kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa Kiswahili cha kule alikokulia. "Nimekuja kumwona baba."

Nilikuwa nimepanga kumwonyesha tu na kumpa chai. Ningemwambia ni huyu, angelia, ningelia naye, angepanda basi. Hakuna aliyebaki duniani wa kumwambia jingine. Haya niliyawaza huku nikimkaribisha, siwafichi. Lakini alipoketi mbele ya ile kompyuta amebana mikono mapajani, nilimwambia Zaina, "Fungua pa kurekodi."

"Na muziki, Bibi? Nitafute upi?"

"Muziki usitie."

Nikaanza. Sauti ilitoka na mikwaruzo, lakini mwendo wake ulikuwa pale pale. Shangazi yangu Mwajuma, wa Rumonge. Nikanyamaza. Mama yake bwana harusi, Bi Tatu, wa Buyenzi. Nikanyamaza. Kamera ikafika mkekani. Ami yake bwana harusi. Bwana Hamadi, wa Ujiji.

Gorethi akainama mbele. "Ni yupi kati yao?"

"Huyu," nilisema, na kidole changu kikanyooka. "Mwalimu Venansi, wa Kizuka. Mwalimu wangu. Mwenye kofia." Nikanyamaza, nikamwacha aonekane.

Alionekana, vidole viwili, kicheko. Kisha doa, povu, na weupe, na filamu ikarukia watu wengine.

Zaina alinyoosha mkono kuzima. Nikamshika. "Usizime, hili nalo liingie," nikasema. "Kofia ni ya Baba. Maneno haya niliyasema mara moja kabla ya leo, Gorethi. Niliyasema sebuleni humu humu, mbele ya askari waliokuwa hawamjui sura. Baba yangu alikuwa amewadanganya wakadanganyika, mimi nikasimama nikawasahihisha. Baba yako alikuwa Minago amevaa kofia hiyo. Walimpata kwa maneno yangu."

Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli yenye madumu ya mawese, yanagongana. Zaina alinitazama mimi. Gorethi hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, ambapo watu wa harusi walikuwa wanaendelea kula.

"Rudisha," alimwambia Zaina.

Zaina akarudisha. Uso, doa, weupe.

"Rudisha."

Akarudisha tena. Sijui ilikuwa mara ya ngapi Gorethi aliposema, bado hajanigeukia, kwa sauti ndogo ya mtu anayeuliza njia, "Alikuwa anacheka nini?"

"Kofia," nikasema. "Ilikuwa ndogo. Haikuingia kwenye kichwa chake, ndiyo maana ameishika."

Akainua mkono, akaugusa utosi wake mwenyewe, akauacha hapo.

"Rudisha," akasema.